Epidemiolojia si elimu ya milipuko

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu akitoka kwenye usaili wa ufadhili wa shahada ya uzamili. Andiko lake linahusu presha na vinasaba vya ugonjwa wa moyo, na kozi aliyoomba ni epidemiolojia. Mmoja wa wasaili, mzee mwenye heshima zake, alimuuliza kwa nia njema kabisa: "Binti, epidemiolojia ni elimu ya magonjwa ya mlipuko. Presha hailipuki. Huoni kwamba umekosea kozi?" Kwa woga wa chumba kile, binti akaitikia kwamba huenda amekosea. "Mjomba, ningemjibu nini?" aliniuliza, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeanza kulitilia shaka jambo alilolisomea miaka minne.

Si mara ya kwanza. Nimeyasikia hayo redioni, nimeyaona kwenye mabango ya semina, na hata fomu aliyoijaza mpwa wangu ilikuwa na mabano mbele ya neno epidemiolojia, na ndani ya mabano pameandikwa: elimu ya magonjwa ya mlipuko.

Maana yenyewe haina urefu. Epidemiolojia inachunguza jinsi afya na maradhi yanavyogawanyika katika watu: nani anaugua na nani haugui, wapi, lini, na kwa nini. Daktari anamtazama mgonjwa aliyeketi mbele yake. Mwanaepidemiolojia anautazama mtaa mzima, pamoja na wale ambao hawajawahi kukanyaga hospitali. Maradhi yoyote yanaingia humo, na hata yasiyo maradhi: kipindupindu, kisukari, ajali za bodaboda, moyo.

Sasa neno. Limetoka kwa Wagiriki na lina vipande vitatu. Epi ni "juu ya" au "miongoni mwa". Demos ni watu wa nchi, na pia nchi yenyewe wanayoikaa. Logos ni maneno, hoja, elimu. Kipande cha mlipuko hakimo. Cha ugonjwa pia hakimo. Kabla tabibu yeyote hajaligusa, neno epidemios lilimaanisha mtu aliye kwao, miongoni mwa watu wake. Katika utenzi wa Homer juu ya safari za Odysseus, mungu wa kike Athena anafika nyumbani kwa kijana Telemachus, mwana wa Odysseus, akiwa amejigeuza mgeni, anamwambia: nimekuja kwa kuwa walisema baba yako ni epidemios. Yaani yuko nchini, amerudi nyumbani. Kila nikilikumbuka hilo huwa naona jinsi neno lilivyotembea mbali, kutoka kwa baba anayesubiriwa mlangoni hadi kwa watu waliovaa barakoa na glavu.

Waliolipeleka kwenye maradhi ni watabibu wa kundi la Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, karne ya 5 kabla ya Kristo. Maandishi yao kuhusu kisiwa cha Thasos yanaanza na pepo, mvua na kiangazi cha mwaka, ndipo yanakuja kwenye homa zilizokuwapo na watu waliozipata. Kwao ugonjwa nao ulikuwa "nchini", kama mgeni aliyefikia mji fulani msimu fulani. Walichouliza ni habari za mahali na watu wake.

Kipindupindu ndicho kilicholibadilisha neno. Mwaka 1850 kilianzishwa London chama cha watu wa fani hii, na kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa kipindupindu. Mwaka 1854 daktari John Snow akafuatilia vifo vya mtaa wa Broad Street, London, mpaka kwenye pampu ya maji. Kwetu pwani, daktari James Christie aliyefanya kazi Unguja alifuatilia njia za kipindupindu, misafara ya bara na majahazi ya bahari, tangu 1821 hadi 1872, akachapisha alichokipata mwaka 1876. Basi neno likashika harufu ya ule ugonjwa ambao wazee wetu waliuita waba. Waarabu nao wanaiita fani hii ilmu al-awbia, elimu ya mawaba, yaani milipuko, kwa hiyo lawama si za Waswahili peke yetu.

Lakini mtazame huyo Snow kwa karibu. Nguvu ya hoja yake haikutoka kwa waliokufa pekee. Karibu na pampu ile palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu, kwa sababu walikunywa bia yao na maji ya kisima chao. Palikuwa pia na nyumba ya maskini yenye watu 535, wakafa 5 tu, nayo ilikuwa na kisima chake. Snow aliwahesabu waliosalimika, akauliza wamesalimikaje. Hapo ndipo penye epidemiolojia yenyewe, na tafsiri ya "mlipuko" inapafunika. Sisi tunasema hulipuka baruti, hulipuka bomu, hulipuka volkano. Kitu kinacholipuka kina sauti na kina siku yake, na macho yote yanakwenda kwa walioumia. Ugonjwa wa mishipa ya moyo hauna sauti hiyo. Lehemu, yaani kolesteroli, inajijenga kwenye ukuta wa mshipa miaka 20, miaka 30, mwenyewe analima, anauza duka, anacheza na wajukuu. Ukisubiri mlipuko utafika msibani.

Kwa moyo, mfano ambao kila mwanafunzi anafundishwa ni mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako mwaka 1948 walianza kuwafuatilia watu 5,209, karibu wote wasio na ugonjwa wa moyo, wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1961 William Kannel na wenzake walichapisha matokeo ya miaka sita, na humo ndimo lilimotokea neno tunaloliita leo kihatarishi, yaani jambo linaloongeza uwezekano wa mtu kuugua. Sitakaa sana Framingham. Mfano ninaoupenda uko karibu zaidi.

Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyefanya kazi hospitali ya Kisii nchini Kenya, alichapisha vipimo vya presha za wanaume wa eneo lile. Aliona kwamba baada ya umri wa miaka 40 presha zao hazikupanda kama za Wazungu, zilielekea kushuka. Msomaji wa habari hiyo angeweza kudhani jibu liko kwenye damu ya Mwafrika. Miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake wakaenda kwa Waluo wa vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, ambako presha zilikuwa bado za chini, wakawafuata vijana waliohamia Nairobi. Ndani ya miezi michache tu ya maisha ya mjini, presha za wahamiaji zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki kijijini. Uzito uliongezeka, mapigo ya moyo yaliongezeka, na mkojo ulionyesha sodiamu nyingi na potasiamu kidogo: chumvi imezidi, vyakula vya shamba vimepungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Vijana ni walewale, jeni, yaani vinasaba, ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali na sufuria. Hapakuwa na mlipuko wowote, na bado ni epidemiolojia safi kama ile ya pampu. Ukilisikiliza neno la kale, vijana wale walikuwa wamekuwa epidemios wa mji mwingine.

Hapa napenda kusimama kidogo kwenye kosa la pili, dogo, linalotembea na la kwanza. Watu husikia "jenetiki" wakaelewa "ya kurithi", wakasikia "ya kurithi" wakaelewa "imeandikwa". Nyumba yenye presha vizazi vitatu haijathibitisha jeni. Mama humrithisha mtoto jeni zake, na humrithisha pia mkono wake wa chumvi. Kuna maradhi ambayo jeni moja inatosha, kama ile hali ya ukoo ya lehemu kupanda sana tangu utotoni, inayompata takriban mtu 1 kati ya 250. Lakini presha ya wengi wetu ni jeni nyingi ndogondogo, kila moja ikisukuma kidogo, zikikutana na maisha ya mtu. Kutenganisha sehemu ya jeni na sehemu ya maisha ndiyo kazi, na haifanyiki maabara peke yake.

Ushahidi mzuri wa hilo ni jeni iitwayo PCSK9. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa na wenzao waliionyesha katika familia zenye lehemu ya juu mno. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas, Marekani, wakageuza swali: je, wako watu ambao jeni hii kwao imeharibika, na lehemu iko chini? Waliwapata, zaidi miongoni mwa Wamarekani weusi. Ila kuwa na lehemu ya chini ni jambo moja, na kutopata ugonjwa wa moyo ni jingine. Jibu la hilo lilikuwa kwenye madaftari ya utafiti mwingine ulioanza mwaka 1987 na kuwafuatilia watu miaka 15. Kati ya watu weusi 3,363 waliomo, asilimia 2.6 walikuwa na kasoro hiyo. Lehemu yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Hayo yalichapishwa mwaka 2006. Mwaka uliofuata ikaelezwa habari ya mwanamke kijana wa Zimbabwe, mzima wa afya, aliyeipata kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia. Mwaka 2015 dawa zinazoizuia PCSK9 zikaruhusiwa kutumika. Chanzo chake ni watu ambao hawakuugua, waliohesabiwa hata hivyo.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu kwamba njia aliyoichagua ipo, na ina watu. Kyamulibwa, Uganda, vijiji vilianza kufuatiliwa mwaka 1989 kwa ajili ya virusi vya UKIMWI. Kaya zilezile na orodha ileile baadaye zikatumika kuchunguza presha, sukari na lehemu, na mwaka 2019 zikachapishwa data za jeni za watu 6,400 wa huko. Fani ni ileile, ugonjwa tu ndio uliobadilika. Nairobi, watu wa mitaa ya Korogocho na Viwandani wamo katika AWI-Gen, utafiti wa jeni na maradhi ya moyo ulioongozwa na Michèle Ramsay wa Afrika Kusini, pamoja na wenzao wa Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini kwenyewe. Kazi kama hizo zinataka mtakwimu, mtu wa maabara, mwanajenetiki, msimamizi wa data, muuguzi, na mtu anayejua kubisha hodi. Si lazima uwe daktari wa moyo. Ni kweli pia kwamba nchini kwetu wako wanaofunzwa hasa kukabili milipuko, na wakati wa kipindupindu hao ndio tunaowaona kwenye taarifa ya habari. Nawaheshimu sana. Wanafanya tawi moja la fani, nalo ndilo linaloonekana.

Mimi mwenyewe niliingia kwa kupima presha vijijini. Mtu akae dakika tano kwanza. Miguu isipishane, mgongo uegemee, mkono uwe mezani usawa wa moyo, asiongee. Unapima mara tatu, kipimo cha kwanza unakiacha, unachukua wastani wa viwili vya mwisho. Bibi mmoja alikaa kwenye kigoda akanyoosha mkono, akauangalia mkanda unavyojaa upepo, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, mimi siumwi. Mnanipimia nini?" Nilimwambia tunamhitaji kwa sababu hiyohiyo, kwamba haumwi. Akafikiri, akasema, "Basi andika vizuri."

Usaili wa mpwa wangu una awamu ya pili. Yule mzee simlaumu, kwani fomu ndiyo iliyompa maana ile, na huenda akaipokea nyingine akipewa kwa adabu. Tumekubaliana binti aanze kwa "shikamoo", kisha amsomee sentensi aliyoiandika upya kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko, mahali palipokuwa na mabano: "Epidemiolojia ni elimu ya afya na maradhi yaliyo miongoni mwa watu wa mahali fulani, wanaougua na wasiougua, na mimi naomba kuwahesabu wote."