Koti la tangi la stenlesi hupasuka bila kuota kutu

Tangi la kupashia maziwa huletwa karakana hapa Nakuru likivuja kwenye koti, yaani ukuta wa nje unaozungushia tangi maji moto. Bati lake ni stenlesi ya aina ya 304, la milimita 2, linang'aa, halina hata doa la kutu. Inama uangalie milimita chache kando ya mshono wa weldi: kuna ufa mwembamba kama unywele, wenye matawi kama mizizi ya nyasi.

Fundi wengi husema bati lilikuwa jembamba. Sikubali. 304 ukiivuta hurefuka zaidi ya asilimia 40 kabla ya kukatika, na hapa imepasuka bila kujikunja. Yamekutana mambo matatu: aloi (mchanganyiko wa metali) yenye udhaifu huo, mvuto ndani ya chuma, yaani nguvu inayokivuta kama kamba, na kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi, kwenye maji moto, hasa yakipita nyuzi 60. Mvuto hautoki kwa uzito wa maziwa. Mshono ukipoa hunywea, bati la kando likabaki limevutwa karibu na kikomo chake. Kloraidi nayo hutoboa utando wa oksidi ya kromiamu unaolinda stenlesi. Kuta za ufa hujifunika upya, lakini ncha, kwa kuwa mvuto unazidi kuifungua, hubaki uchi na kuliwa.

Watu wa Nakuru hulaumu floraidi kwa kila kitu, maana imewaharibia meno. Mimi huanza na kloraidi. Usitulizwe na majibu ya maabara ya maji ya kisima: mvuke hutoka, unajazia, chumvi inabaki palepale. Maji yenye kloraidi miligramu 50 kwa lita, koti likikauka na kujazwa tena mara 9, huwa 500. Mwaga maji yote, usijazie tu. Na kagua sana pale juu maji yanaporuka na kukauka, ndipo chumvi huganda.

Kuchomelea juu ya ufa ni kupoteza gesi. Matawi yaliyojificha yatafunguka kando. Safisha mafuta, paka rangi nyekundu ya kupimia nyufa, subiri dakika 10, pangusa kwa kitambaa kilicholowa kiyeyushi (usikipulizie moja kwa moja juu ya bati, kitaiosha rangi iliyo ndani ya ufa), kisha puliza unga mweupe unaoivuta rangi itoke ufani. Kata kupita mwisho wa mstari mwekundu, upime tena ukingo uliobaki.

Kuipasha 304 nyuzi 600 ili kuondoa mvuto ni hatari nyingine: kromiamu hushikana na kaboni mipakani mwa chembe za chuma, na kinga inapungua hapo.

Ukijenga jipya, kuna aina nyingine za stenlesi. 316 hustahimili zaidi vishimo vya kutu lakini hupasuka vilevile. Aloi zenye nikeli karibu asilimia 8 hadi 10 ndizo dhaifu zaidi. 2205, yenye nikeli takriban asilimia 5, hustahimili vizuri zaidi. 444 haina nikeli ya maana na hutumika kwenye matangi ya maji moto, ila wateja huikataa kwa sababu inashika sumaku. Ukiipata, dai cheti cha kiwanda: 430 nayo hushika sumaku, huota vishimo mapema, na mshono wake huvunjika kirahisi.