Msisubiri selform: njia ya mtoto hukatwa kidato cha pili

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka Januari, simu yangu haipoi. Swali ni lile lile: "Mwalimu, mtoto amepata division two, asomee nini?" Nalijibu kwa moyo mmoja kila mara. Lakini juzi mzazi mmoja, mwenye nia njema kabisa, amenieleza kwamba ushauri wa taaluma ni shughuli ya kidato cha nne wakati wa kujaza selform, ile fomu ya kuchagua masomo na vyuo vya baadaye, na kabla ya hapo mtoto "asome tu". Hilo "asome tu" nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, hata kwa viongozi wanaokuja kuzungumza siku ya mahafali. Linawaumiza watoto, na leo naliandikia.

Chukua binti anayetaka kuwa muuguzi. Ana division two, yaani daraja la pili la ufaulu, ana B ya Baiolojia, Kiingereza chake kizuri. Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia. D inatosha, na D ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, inaanzia alama 30. Binti huyu hana hiyo D kwa sababu hakuufanya mtihani wenyewe: Fizikia na Kemia aliziacha alipoingia kidato cha tatu. Selform ataijaza vizuri, dirisha la kubadilisha machaguo likifunguliwa ataingia tena, na mlango utabaki umefungwa vile vile. Hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumwambia, akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, kwamba kuacha masomo yale mawili ni kuaga uuguzi, utabibu, famasi na maabara kwa mkupuo mmoja.

Nani alimwamulia? Mara nyingi hakuna anayeweza kujibu. Upimaji wa kidato cha pili unafanyika Novemba, Desemba ni likizo, Januari wanarudi na kukuta majina yamebandikwa ukutani: hawa sayansi, hawa sanaa, hawa biashara. Wengine wamefuata marafiki. Wengine wamekimbia mwalimu mkali wa Kemia. Wengine wameondolewa na shule yenyewe, kwa kuwa shule inaogopa F, alama ya kufeli. NECTA iliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, lakini hofu ya kushusha wastani wa shule ingali inaongoza maamuzi ya shule nyingi.

Hapa ndipo ninapokasirika, kwa hiyo mnivumilie nikae kidogo. Hoja kubwa ya kumtoa mtoto sayansi ni kwamba "itamharibia division". Division inakokotolewa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Kwa utaratibu tuliouzoea, masomo ya lazima peke yake ni saba: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Uraia, Historia, Jiografia na Baiolojia. Ukiongeza Fizikia na Kemia anakuwa na tisa, na mawili aliyofanya vibaya zaidi hayaingii kwenye hesabu. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Mtoto mwenye F ya Hisabati, nao ni wengi mno nchini, akipata D ya Kemia, ile D inaiondoa ile F na pointi zake zinapungua moja. Kemia imemsaidia! Walimu wanaijua kanuni hii, wanaitumia kila Januari kukokotoa matokeo, halafu Januari hiyo hiyo wanamwambia mtoto wa kidato cha tatu asibebe masomo mengi asije akaharibu.

Gharama ya kweli ni muda, na hapo sina jibu safi. Kuna shule za kata ambako mwalimu wa Fizikia ni mmoja kwa madarasa yote na vitendo vinafundishwa kwa kuchora kifaa ubaoni. Kumwambia mtoto wa shule ile ang'ang'anie Fizikia ni kumwomba atoe saa nyingi kwa matumaini ya D moja. Wakati mwingine naona inafaa. Wakati mwingine naona namnyang'anya muda ambao ungempa B ya Historia na ya Kiswahili, na zile B ndizo zingempeleka kidato cha tano. Naamua kwa kumwangalia mtoto na shule yake, na kila mara nabaki na wasiwasi. Atakayekuambia kuna kanuni moja kwa watoto wote hajakaa nao.

Hisabati nitaipitia haraka: shahada nyingi za uchumi na biashara huuliza ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne hata kama tahasusi yako, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, haikuwa nayo. Anayesema "mimi ni wa sanaa, Hisabati hainihusu" aelezwe hilo akiwa kidato cha kwanza.

Na sasa uamuzi unakuja mapema zaidi. Mtaala ulioanza kutekelezwa 2024 umeleta mikondo miwili sekondari: jumla, na amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi. Machi mwaka huo huo TAMISEMI ikatangaza tahasusi 65 badala ya 16 za zamani. Mzazi aliyezoea tahasusi za zamani kama PCB, EGM na HKL sasa hawezi kumsaidia mwanawe kwa kumbukumbu zake za shule. Tena wapo wanaodhani amali ni ya walioshindwa. Aliyesoma ufundi akafika stashahada na kupata GPA (wastani wa ufaulu chuoni) ya 3.0 anaweza kuomba shahada inayoendana na fani yake. Ngazi ipo, inapandwa na watu kila mwaka.

Kuhusu soko la ajira, mimi sitabiri. Miaka ya mwanzo ya 2010 mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo karibu moja kwa moja, na washauri wote tulikuwa tunasema ualimu una uhakika. Walioingia chuo kwa neno hilo wengi wametoka na kusubiri miaka. Ndiyo maana kazi yangu naiona ni kuzuia milango isifungwe mapema, kuliko kumtajia mtoto kazi "inayolipa".

Kwa darasa la tano siulizi "unataka kuwa nani?" Nitajibiwa daktari, rubani, mwanajeshi. Nauliza jana walimwona nani akifanya kazi gani. Wanataja fundi wa TANESCO, mpima viwanja, bwana shamba, mama wa maabara pale zahanati. Nawatuma wakawaulize walisoma nini. Wanarudi na majibu ambayo hata mimi siyajui yote, na wanayakumbuka.

Mwenye mtoto kidato cha pili aende shuleni kabla ya Novemba, aonane na mwalimu wa taaluma, aulize michepuo inagawanywa kwa kigezo gani na nani anasaini. Aliyekwisha kumaliza bila Fizikia na Kemia anaweza kurudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila atafute kituo chenye maabara, maana masomo hayo yana mtihani wa vitendo. Na kama majina yameshabandikwa na mwanao yuko upande asioutaka, nenda Januari hiyo hiyo. Ukisubiri mwezi wa tatu, wenzake watakuwa wamemaliza mada mbili tatu za Kemia, na shule itakuwa na sababu ya kukukatalia.