Redio Isiyozimika Kichwani Baada ya Ajali ya Zamani

Kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, jambo hili mara nyingi hutajwa mwishoni. Mgonjwa amekuja na kizunguzungu, amepimwa, ameandikiwa dawa, na akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango ndipo anageuka: "Daktari, usiku nasikia redio. Mtangazaji anaongea ila maneno siyashiki. Nikimuuliza mama watoto, anasema hakuna kitu." Ukimdadisi zaidi anakumbuka kwamba miaka ya nyuma alianguka na bodaboda, akazimia kidogo, kisha akapona. Amekaa kimya muda wote huo akiogopa kuitwa kichaa.

Redio halisi haimo. Ili mawimbi yawe sauti lazima pawe na antena ya kuyanasa, kifaa cha kuichuja sauti kutoka kwenye wimbi, na spika. Jino lililozibwa, chuma cha kuungia mfupa au kipande cha risasi kilichobaki kichwani hakifanyi kazi hizo zote, na matangazo ya FM ni magumu zaidi kuyachuja. Kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Marekani, Allan Frey, alionyesha kwamba mapigo makali ya mawimbi kama ya rada yanaweza kumfanya mtu asikie mvumo au mlio wa kugonga-gonga. Lakini hakuna aliyesikia taarifa ya habari kwa njia hiyo.

Chanzo kikubwa ni sikio lenyewe pamoja na ubongo. Sikio la ndani limefichwa ndani ya mfupa wa fuvu, na pigo la kichwa linaweza kuupasua mfupa huo au kuharibu chembe ndogo zinazopokea sauti. Kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Ubongo unaopata sauti pungufu hujaribu kufidia, kama mtu anayeongeza sauti ya redio wakati stesheni haishiki vizuri: mkwaruzo nao unapanda. Mkwaruzo huo ndio mlio wa masikioni, ambao wataalamu huuita tinitasi. Kwa wengine, hasa wenye usikivu uliopungua sana, ubongo hauishii hapo. Unachota kwenye kumbukumbu na kuupa mlio umbo: kwaya, kaswida, taarabu, au mtangazaji wa mpira aliye mbali. Daktari wa upasuaji Wilder Penfield, kule Montreal nchini Kanada, aligusa kwa umeme hafifu ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho, upande wa karibu na sikio, na baadhi yao wakasikia muziki au sauti za watu.

Unaweza kujipima nyumbani. Zima feni na friji, au subiri umeme ukatike (kwetu si subira ndefu). Muziki ukipotea, huenda ubongo ulikuwa unaujenga juu ya mvumo wa feni. Kisha ziba masikio kwa vidole. Redio ya jirani itafifia. Ya ndani itabaki, pengine itazidi.

Zipo dalili ambazo hazifai kusubiri. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono: kama sauti inakwenda sawasawa na mapigo ya moyo, huenda ajali iliunganisha mishipa ya damu isivyopaswa. Sauti ya namna hiyo daktari mwenyewe wakati mwingine huisikia akiweka stethoskopu juu ya jicho au nyuma ya sikio. Wimbo uleule ukija kwa sekunde chache, ukiambatana na harufu ngeni na kukodoa macho, huenda ni kifafa, ambacho kinaweza kuanza miaka mingi baada ya kuumia. Sikio lililoziba ghafla ni dharura ya siku hiyohiyo. Na sauti inayokusema au kukuamuru inahitaji daktari wa afya ya akili, upesi, matibabu yapo.

Wengine hudhani ni majini. Anayetaka kuombewa aombewe, kipimo cha usikivu hakigombani na dua. Ninachokataa ni mafuta ya kitunguu saumu na vijiti vya pamba, maana tunatoa uchafu wa aina hiyo masikioni kila wiki. Wengi husaidiwa na kutolewa nta, kupewa kifaa cha kusaidia kusikia, au kuweka sauti ndogo chumbani usiku ili kimya kisizidi.

Ukija, taja dawa zote ulizotumia. Kwinini, aspirini nyingi na sindano za gentamaisini au streptomaisini (ambayo hutibu kifua kikuu pia) zinaweza kuleta milio, ila usiache dawa ya kifua kikuu bila kumwambia daktari. Na kama kuna chuma kilichobaki kichwani, sema kabla hujaingizwa kwenye MRI, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, kwa sababu sumaku hiyo inaweza kukivuta.