Mwamba Wako Unalishwa na Mwamba wa Jirani

Wavuvi wetu wanajua kwamba kusi inapokaza, chombo kinachopanda kuelekea Mombasa kinakwenda mbio kuliko tanga lake linavyostahili. Kinachokisukuma si upepo peke yake. Chini yake kuna mto wa chumvi unaotembea usiku na mchana.

Maji hayo yanatoka mbali. Yanavuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, yanapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, kisha yanaligonga bara karibu na Rasi ya Delgado, jirani na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo yanagawanyika. Sehemu moja inashuka kwenye Mlango wa Msumbiji, nyingine inapanda Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba hadi Kenya. Mkondo huu wa pwani ya Tanzania haugeuki hata kaskazi ikivuma; unapungua kasi tu. Wakati wa kusi unaweza kufikia mita 2 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 170 kwa siku.

Sasa fikiria kilichomo ndani ya maji hayo. Matumbawe hayatembei, lakini vichanga vyake huelea siku kadhaa, pengine wiki, kabla ya kutafuta mahali pa kujibandika. Vichanga vya pweza navyo huelea kwa wiki kadhaa. Vya kamba koche hukaa majini miezi mingi, vikiwa vyembamba na vya kung'aa kama kipande cha karatasi ya nailoni. Kwa hiyo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, hailindi Mafia tu. Mazao yake yanaweza kuangukia miamba iliyo kaskazini yake, na yenyewe inategemea miamba ya kusini, mingine ikiwa nje ya mipaka yetu. Ukiua mwamba ulioko mkondo unakotoka, ule ulioko unakoelekea utakosa mbegu hata ukilindwa kwa boti za doria kila siku.

Hii ndiyo sababu ya kuwapo kwa Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari na pwani, uliosainiwa mwaka 1985 na kuanza kutumika mwaka 1996, unaounganisha nchi 10 za magharibi mwa Bahari ya Hindi kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, pamoja na visiwa. Ndiyo sababu pia ya chama cha wanasayansi wa bahari wa kanda, WIOMSA, kilichoanzishwa mwaka 1993 na chenye makao yake Zanzibar. Najua wengi wakisikia "mkutano wa kanda" wanafikiria safari na posho. Sitabisha sana. Lakini kazi yenyewe ya ushirikiano haifanyiki ukumbini. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa yake ni jambo dogo lisilopigiwa makofi: kukubaliana namna ya kupima.

Chukua mfano wa kupima afya ya mwamba. Mzamiaji mmoja anatandaza utepe juu ya matumbawe na kuandika kila kilicho chini yake: tumbawe hai, lililokufa, mwani, mchanga. Mwingine anaweka fremu ya mraba na kupiga picha. Wa tatu anaburutwa na boti akiwa na miwani yake, anakadiria kwa macho. Wote watatu ni wakweli, lakini namba zao huwezi kuzijumlisha. Ni kama watu wawili wanaopima mchele, mmoja anajaza kibaba hadi kilele, mwenzake anakifuta kwa kiganja.

Hata kipimo kimoja kinaweza kukuangusha. Kuna kifaa cha kurekodi joto la maji, kidogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja, tunachokifunga mwambani na kukiacha kwa miezi. Siku moja tulikiopoa kimoja kikiwa kimefunikwa na sifongo na chaza wadogo, tukakikwangua kwa kisu, na data zote zilikuwamo. Furaha ikaisha tulipochora mstari. Maji yalionekana yakifikia joto la juu saa 5 asubuhi, wakati kila anayeoga pwani anajua ni kwenye saa 8 mchana. Aliyekiwasha alikuwa ameacha saa ya Greenwich, Uingereza, iliyo nyuma ya saa yetu. Tofauti ya saa 3 ilituchukua siku mbili kuigundua. Sasa zidisha kosa hilo kwa nchi 10.

Umuhimu wa kupima pamoja ulijitokeza vibaya mwaka 1998. El Niño, hali ya kupanda kwa joto la Bahari ya Pasifiki inayovuruga hali ya hewa duniani, ilipandisha joto la bahari yetu, matumbawe yakapauka kuanzia Kenya na Tanzania hadi Shelisheli, na maeneo mengi yakafa. Kupauka hutokea tumbawe linapotoa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake na kulilisha. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi wa joto kali kwa nyuzi 1 tu, kwa muda wa wiki 4 hivi, dalili huanza kuonekana. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la utafiti la CORDIO, ambalo makao yake yako Mombasa, ili kufuatilia yaliyotokea. Miaka ya vipimo vilivyokusanywa na watu wa nchi mbalimbali ndiyo iliyowezesha tathmini iliyochapishwa mwishoni mwa 2021, iliyogawa miamba ya kanda katika maeneo 11 na kuona kwamba yote yako katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50 ijayo. Visiwani tishio kubwa ni joto. Pwani ya bara, uvuvi uliopitiliza una sehemu kubwa. Nchi moja, hata iwe na maabara nzuri kiasi gani, isingeweza kupata picha hiyo.

Maarifa hayatoki maabara tu. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza akue. Pweza wa miambani huishi mwaka mmoja hivi na kuongeza uzito kwa kasi, kwa hiyo likizo fupi ya mwamba inaonekana kwenye mizani. Habari zikasafiri, na leo kufunga mwamba kwa ajili ya pweza kunafanyika pia Kisiwa Panza, Pemba. Hata hivyo sheria bado hazijafanana: Tanzania hairuhusu pweza wa chini ya gramu 500, Madagaska imeweka gramu 350. Huenda kila upande una sababu zake, ila mnunuzi anayesafirisha nje hajali sababu.

Msomaji asiyekuwa na utepe wala kifaa cha joto naye ana nafasi yake. Kasa wanaotaga Moheli, Komoro, au Shelisheli huja kula majani bahari kwenye pwani ya bara, na baadhi huwa na kipande cha chuma kwenye mkono wa mbele, alama waliyofungwa na watafiti. Ukimkuta kasa wa namna hiyo, awe hai au amekufa, usikivute. Kisugue kwa kidole kitoke mwani, usome herufi na namba zote, na anuani iliyo upande wa pili kama ipo. Andika tarehe, jina la mahali kama wavuvi wanavyopaita, na urefu wa gamba kutoka shingoni hadi mkiani, kisha peleka kwa ofisa uvuvi aliye karibu. Kama huna futi, pima kwa shibiri, lakini andika kwamba ni shibiri.