Kukabwa usiku, kukoroma, kukesha: kwa nini daktari wa akili anakuuliza unalalaje

Watu wengi wakishaona kibao cha kliniki ya afya ya akili wanajiandaa kuulizwa mambo ya mawazo na huzuni, sasa wakikaa tu mimi nawauliza jana umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, na chumbani unalala na nani, wanashangaa kabisa. Kuna mama aliniambia, "Dokta mimi nimeletwa hapa wanasema nimechanganyikiwa, sasa kulala kunahusu nini?" Kunahusu sana mama yangu. Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili na sehemu kubwa ya kazi yangu ni usingizi, na kiukweli hivi vitu viwili ukivitenganisha unaweza kumpa mtu dawa ya ugonjwa ambao hana.

Yule mama alikuwa anakabwa. Ni kwamba alfajiri anafumbua macho, anaona chandarua, anaona dirisha, anasikia mpaka jogoo wa jirani, lakini hawezi kuinua hata kidole, kifua kizito kama kuna mtu kamkalia, sauti haitoki, na pembeni ya kitanda anahisi kabisa kuna mtu kasimama anamwangalia. Inadumu dakika moja au mbili halafu inaachia na yeye anabaki anatetemeka. Alishapelekwa kwa waganga wawili, akahamishwa chumba, na alipofika hospitali aliyemwona mwanzo akasikia "naona mtu chumbani" basi akaandika anaona watu wasiokuwepo na akamwanzishia dawa nzito za kutuliza akili. Hakuna aliyemuuliza hayo mambo yanatokea saa ngapi, maana mchana hana shida yoyote, anauza genge lake vizuri na hesabu haimpotei.

Hilo ni jinamizi, na lina maelezo. Usiku ubongo unapita kwenye mizunguko ya kama dakika 90 hivi, na kila mzunguko una kipande cha usingizi wa ndoto ambacho kinakuwa kirefu zaidi karibu na alfajiri. Ukiwa kwenye ndoto ubongo unazima misuli ya mwili, unabakiza macho na ule msuli mkubwa wa kupumulia, ili ukiota unakimbia usinyanyuke kweli ukajigonga ukutani. Mwaka 1959 huko Lyon, Ufaransa, mtafiti wa usingizi Michel Jouvet na wenzake walionyesha kwa paka jinsi misuli inavyolegea kabisa wakati huo, na baadaye walipoharibu sehemu ndogo kwenye shina la ubongo wale paka wakawa wanainuka wamelala na kushambulia vitu ambavyo havipo. Sasa kwenye jinamizi fahamu inaamka kabla mwili haujawashwa. Macho yako wazi, ndoto bado inaendelea, misuli bado imezimwa, unajaribu kuvuta pumzi kwa nguvu na misuli ya kifua haikusaidii, ndio maana unahisi umekaliwa. Na ubongo ukiwa kwenye hofu unatafuta nani kafanya hivi, unamuweka pale pembeni ya kitanda.

Waliokuwepo Zanzibar mwaka 1995 wanakumbuka habari za Popobawa, pepo aliyesemekana kuvamia watu usiku, watu Pemba na Unguja walikuwa wanatoka kulala nje makundi makundi kwa hofu, na waliosimulia wengine walisema walikandamizwa kitandani wakashindwa kupiga kelele. Kuna wachambuzi walioona humo sura ya jinamizi, na mimi nakubaliana nao kwa sehemu hiyo, kwa sababu hofu inakata usingizi na usingizi uliokatika ndio chakula cha jinamizi, kwa hiyo mtaa mzima ukikesha kwa woga watakaokabwa wiki inayofuata wanaongezeka. Katika hofu ile umati ulimpiga mpaka kumuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili wakidhani ndiye. Hilo linaniuma kama daktari, na ndio sababu naona elimu hii isiishie kliniki.

Na sio jambo la watu wachache. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2011 uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta karibu watu 8 katika 100 wameshakabwa walau mara moja maishani, kwa wanafunzi ni kama 28, na kwa wagonjwa wa akili kama 32. Wanafunzi wanakesha na vitabu na simu, wagonjwa wetu usingizi wao umevurugika, kwa hiyo unaona hesabu inaenda wapi.

Yule mama tulimpunguzia zile dawa taratibu chini ya uangalizi (usije ukasoma hapa ukaacha dawa zako mwenyewe, ni hatari), tukapanga muda wa kulala na kuamka, maana alikuwa anaamka saa 9 usiku kuwahi sokoni na mchana halali, na tukamwambia asilale chali, jambo ambalo wazee wengi walikuwa wanalisema bila kujua sababu. Ikikukuta usipigane na mwili wote, jaribu kuchezesha kidole kimoja cha mguu au ulimi, na dua uliyozoea isome moyoni, inatuliza hofu. Mwenye jinamizi pamoja na usingizi wa ghafla mchana usiozuilika, na akicheka sana magoti yanalegea mpaka anadondoka, huyo aje mapema, ana ugonjwa mwingine wa usingizi na una dawa zake.

Kingine ni kukoroma. Kwetu anayekoroma anaonekana amelala fofofo amechoka na kazi. Lakini kuna yule anayekoroma halafu kimya, kimya kabisa, sekunde 10, 20, halafu anashtuka kama anatoka kwenye maji. Koo lake limejifunga. Likijifunga hivyo mara 30 au zaidi kwa saa moja tunaita hali kali, na fikiria ubongo unaoamshwa mara zote hizo kila usiku asubuhi utakuwaje: kichwa kinauma, hasira za karibu, anasahau, hamu ya mambo yote imeisha hata ya mke wake, anasinzia kwenye daladala na mbaya zaidi wengine wanasinzia wakiwa ndio wanaendesha. Ukimsikiliza juu juu utasema ana sonona, na anaweza akawa nayo kweli, lakini ukimpa dawa za usingizi aina ya diazepamu misuli ya koo inalegea zaidi na unamzidishia, na pombe inafanya vilevile. Na sisi madaktari wa akili tunahusika, baadhi ya dawa zetu kama olanzapine zinanenepesha, shingo ikinenepa koo linabanwa, kwa hiyo mgonjwa wangu akiongezeka kilo lazima nimuulize mwenzake kama ameanza kukoroma. Tiba ipo, kuna mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisijifunge, daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981 na mpaka leo ndiyo tegemeo. Ni ghali, nakubali, na huku kwetu kuipata ni shughuli, lakini kupunguza uzito, kuacha pombe ya jioni na kulala ubavu kunasaidia wengi.

Sasa kukosa usingizi, hapa ndipo watu wanaponijia na mfuko wa vidonge. Wapo wanaomeza Piriton kila usiku mwaka wa tatu huu, dawa ya aleji, kwa sababu mara ya kwanza ililaza. Mwili unaizoea ndani ya siku chache, ukaongeza kidonge cha pili, asubuhi kichwa kizito, unakunywa chai ya rangi vikombe vitatu kuchangamka, na ile chai ya saa 11 jioni bado nusu yake iko mwilini saa 4 usiku. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilisema tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu, yaani siku 3 kwa wiki kwa miezi 3, sio kidonge, ni mafunzo ya kubadili mazoea na mawazo kuhusu kulala. Nikimwambia mgonjwa hivyo ananiona namnyima dawa. Simnyimi. Ukilala macho wazi kitandani saa tatu nzima kila siku, ubongo unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza ada na madeni, ndio maana unasinzia vizuri kwenye kochi ukienda kitandani usingizi unakata. Kwa hiyo ukikaa kama dakika 20 haujaja, toka, kaa mahali pengine na mwanga hafifu, simu iache, rudi ukisikia usingizi kweli, na uamke saa ileile hata kama ulilala vibaya, hata Jumapili. Wiki ya kwanza ni ngumu sana, nakwambia ukweli. Ya tatu watu wananipigia kunishukuru. Wengine tunawapunguzia makusudi muda wa kukaa kitandani ili usingizi ujikusanye, lakini hii usijifanyie mwenyewe, mwenye kifafa au mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka hisia anaweza kuamsha ugonjwa wake kwa kunyimwa usingizi.

Na kwa huyo wa kupanda na kushuka kuna alama moja ambayo ndugu wanaiona kabla ya daktari. Mtu asiyepata usingizi analalamika amechoka. Huyu yeye analala masaa mawili tu kwa usiku, siku ya tatu sasa, na anasema hajawahi kujisikia vizuri hivi, anaongea haraka, ana mipango kumi ya biashara, anagawa hela. Mlete hiyohiyo siku. Vilevile mama aliyejifungua juzi ambaye hata mtoto akilala yeye halali, macho makavu, anaanza kusema mambo yasiyoeleweka kuhusu mtoto, huyo msimwambie ni uchovu wa uzazi tu, ni dharura, asiachwe peke yake na mtoto na apelekwe hospitali usiku huohuo.

Ukija kliniki kwa shida ya usingizi njoo na daftari la wiki mbili, umeandika ulipanda kitandani saa ngapi, uliamka saa ngapi, ulikunywa nini. Na kama inawezekana njoo na anayelala chumba kimoja na wewe, au akurekodi kwa simu dakika chache ukiwa umelala. Yule mama wa genge alikuja na bintiye wa miaka 12, na ni huyo binti aliyetuambia kwamba mama akikabwa huwa anaguna kidogo, na yeye akimshika tu bega linaachia.