Mpitaji si mpita njia

Jumapili iliyopita majirani wa ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, tulikaa kuchangia mtaro uliozibika. Ndugu mmoja, mtu wa maombi na ninayemheshimu sana, akasema hatatoa kitu kwa sababu "sisi Wakristo ni wapitaji tu duniani". Si mara ya kwanza kulisikia neno hilo likitumiwa hivyo. Nimelisikia matangani, nimelisikia redioni, na kila mara ujumbe ni uleule: dunia si yetu, basi ya dunia hayatuhusu. Nimeona niandike.

Mpitaji, katika Biblia, ni mtu anayeishi mahali pasipo kwao, bila haki za mwenyeji. Neno limo katika 1 Petro 2:11: "Wapenzi, nawasihi kama wapitaji na wasafiri." Basi, maana ndiyo hiyo. Kinachotupoteza ni sikio letu. Tukisikia -pita, tunamwona mpita njia, mtu wa kukata kona na kutoweka.

Lakini Kigiriki cha Petro hakina kupita ndani yake. Neno ni paroikos. Para ni kando, oikos ni nyumba: paroikos ni yule anayekaa kando ya nyumba. Amekaa, pengine miaka 40. Wanawe wamezaliwa hapo, jasho lake limeujenga mji huo, ila hahesabiwi katika raia wake, na wenyeji wakikasirika yeye ndiye wa kwanza kuguswa. Mtu wa kukaa siku chache ana neno lake, parepidemos, ambalo ndilo tuliloletewa kama "msafiri". Petro aliyaweka yote mawili kwa makusudi, na sisi tumeyayeyusha yakawa moja.

Maneno hayo mawili hakuyabuni yeye. Yameandamana vivyo hivyo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Mwanzo 23, kinywani mwa Ibrahimu. Sara amefariki Hebroni, na mumewe anasimama mbele ya Wahiti akisema yeye ni mgeni kwao. Anawaambia hivyo kwa sababu gani? Anatafuta kaburi. Ameishi nchi ile miaka mingi, hana hata kipande cha ardhi cha kumzikia mkewe, na mwisho anampimia Efroni shekeli 400 za fedha. Mpita njia hanunui kaburi. Anayelinunua ni mtu aliyekwisha kufungamana na mahali, ingawa mahali penyewe hapajamkubali.

Sisi wa Nairobi tungepaswa kulielewa hili kuliko wengi. Hapa tuna nyumba, lakini "nyumbani" ni kwingine. Desemba ikifika, kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus kinafurika watu waliokaa mjini nusu ya maisha yao na bado wanasema wanaenda nyumbani. Na wako walio na jeraha zito zaidi. Wanubi wa Kibra, wajukuu wa askari waliotoka Sudan chini ya Waingereza, walikaa pale zaidi ya miaka 100. Hata jina la mahali, lenye maana ya msitu, ni la lugha yao. Hatimiliki ya ekari 288 waliipata 2017. Wazee waliozaliwa na kuzikwa pale kabla ya mwaka huo walikuwa paroikoi (wingi wa paroikos) kwelikweli, na sijui nani angethubutu kuwaambia kwamba walikuwa wanapita.

Kuteswa nako kunatokea hapo hapo, kando ya nyumba. Bithinia ni mojawapo ya majimbo ya Roma ambayo Petro anayataja mwanzo wa waraka wake. Karibu mwaka 112, gavana wa huko, Plinio, alimwandikia Kaisari Trajani jinsi anavyowashughulikia Wakristo: anawauliza mara tatu kama ni Wakristo, na wakishikilia, anaamuru wauawe. Wale waliokuwa raia wa Roma aliwaandika orodha wapelekwe Roma. Imani ilikuwa moja, ila raia alikuwa na ngao ya kumpa siku chache, na mgeni hakuwa nayo.

Miongo kadhaa baadaye, kanisa la Smirna liliandika jinsi askofu wao mzee Polikarpo alivyochomwa moto. Waraka wenyewe unaanza kwa kujiita kanisa la Mungu linalokaa ugenini Smirna, na unasalimu makanisa mengine kwa neno paroikiai, yaani makao ya wageni. Neno hilo lilipita Kilatini, parochia, likatufikia sisi kama parokia. Kila tusemapo "parokia yetu" tunasema "ugeni wetu wa hapa". Nilipolijua hilo nilikaa kimya kwa muda. Neno ambalo leo linatuletea picha ya geti, ofisi na saa za misa lilibebwa na watu waliokuwa wakiwazika wapendwa wao.

Ndiyo maana naumia kanisa likiombwa na majirani lipunguze spika usiku wa manane, kisha mimbarini tuambiwe tunateswa kwa ajili ya Kristo. Petro mwenyewe, sura ya 4, anakataza mtu kuteswa kwa uovu wake mwenyewe, na katika orodha ya maovu hayo, pamoja na mwuaji na mwizi, anamweka anayejiingiza katika mambo ya watu.

Ndugu yetu wa mtaro hakukosea kusema yeye ni mpitaji. Nimemwomba tu asiishie 2:11, kwa sababu Petro hakuishia hapo: mstari unaofuata unazungumza juu ya majirani wanaotusingizia, na matendo mazuri watakayoyatazama. Amesema atausoma waraka tena. Mtaro tunauzibua Jumamosi saa mbili asubuhi, na jembe nimeshamwazima.