Bega linauma tangu nichanjwe: naweza kudai fidia Marekani?

Mkono kuuma baada ya sindano si kawaida?
Siku mbili tatu, ni kawaida. Lakini wiki zikipita na bado huwezi kuchana nywele wala kuingiza mkono kwenye shati, muone daktari. Mara nyingi sindano ilichomwa juu mno, ikaukosa msuli na kufikia kifuko cha majimaji kinacholainisha bega, nacho kikavimba. Tatizo huwa ni mahali ilipoingia, kwa hiyo tafadhali usiziache chanjo nyingine.

Nimshtaki muuguzi?
Kwa chanjo kama ya mafua au pepopunda, unaanzia kwenye mpango wa taifa wa fidia uliotokana na sheria ya 1986. Maombi hupelekwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington, na anayejibu ni Waziri wa Afya. Huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Fedha hutoka kwenye mfuko unaochangiwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa ambao dozi inaukinga.

Masharti ni yapi?
Jeraha hili liliingizwa mwaka 2017 kwenye jedwali la mpango, yaani orodha ya majeraha unaoyatambua. Maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48, katika bega lililochomwa tu, na bega hilo lisiwe na historia ya kuuma. Madhara yadumu zaidi ya miezi 6, au yawe yamekulaza hospitali ukafanyiwa upasuaji. Una miaka 3 tangu dalili ya kwanza.

Zile saa 48 ndizo zinazowaangusha wengi, na inaniuma kwa sababu ni jambo la sentensi moja. Mtu anavumilia miezi, kisha anamwambia daktari, "Bega linanisumbua siku hizi." Linaandikwa hivyo hivyo, na mahakamani ndilo linalosomwa. Sema wazi: "Lilianza usiku ule ule nilipochanjwa, mkono wa kushoto." Omba pia nakala ya rekodi ya chanjo, uhakikishe mkono ulioandikwa ni wenyewe.

Sina pesa ya wakili.
Mpango humlipa, hata ukishindwa, mradi dai lililetwa kwa nia njema na lina msingi. Fidia ya maumivu haizidi dola 250,000. Matibabu na mshahara uliopotea huhesabiwa kando.

Na chanjo ya UVIKO-19?
Hiyo ina mpango wake, mgumu zaidi, usiolipa wakili wala fidia ya maumivu. Muda ni mwaka mmoja tu, na unahesabiwa tangu siku uliyochanjwa.